Pua Isiyolala

“Ti, kisha kimya, kisha ti tena gizani, juu ya kichwa changu,” mama mmoja alikuwa akimweleza fundi umeme aliyeketi naye kwenye basi, mbele yangu na binti yangu. “Nikapanda kiti, nikaing'oa hiyo kengele ya moshi, nikaifungia kabatini katikati ya mablanketi.”

“Mama yangu, ilikuwa inaomba betri tu,” fundi akasema. Alikuwa amepakata sanduku lake la vifaa kama mtoto aliyesinzia.

“Ya nini? Mimi nina pua. Jirani akiunguza maharage, najua kabla yake.”

“Ukilala, pua nayo inalala.”

“Yangu hailali, mwanangu. Marehemu mume wangu angekuwepo angekueleza.”

Viti vya nyuma vikacheka. Fundi naye akatabasamu, lakini hakuachia. “Na wale wajukuu uliosema wanalala chumba cha mwisho, wamerithi pua hiyo?”

Mama akapanga upya kapu ambalo halikuwa limepangika vibaya. “Haya, inakaa wapi?”

“Kwenye dari ya korido, karibu na milango ya vyumba, mbali na jiko. Kila mwezi unabonyeza kitufe, unaisikiliza ikilia.”

“Kila mwezi? Hiyo ni kengele au kichanga cha kliniki?”

Mimi nilikuwa nikitazama nje kama mtu ambaye hayamhusu, nikikumbuka duka la vifaa vya umeme lililo jirani na kituo chetu. Basi likasimama kituoni hapo. Binti yangu akaniambia, kwa sauti iliyomfikia hata dereva: “Mama, ya kwetu iko kwenye droo ya soksi.”