Turubai la Mama Milka

Mgeni wetu rasmi, Mkuu wa Idara ya Kumbukumbu, pamoja nanyi nyote mliobahatika kupata viti,

KARIBU
Karibu Kaloleni, Mheshimiwa. Kwa heshima yako mlango wa chumba cha kumbukumbu umepakwa rangi, na ukuta wa mbele pia. Tunakusihi usizunguke nyuma.

HISTORIA
Humu mna maandishi ya ufuo wetu tangu enzi za mkoloni: barua za machifu, kesi za mashamba, na maelezo ya watu waliohamishwa kutoka kando ya ziwa wakati wa ugonjwa wa malale. Idara yako imeyatunza kwa kuyasahau.

MAFANIKIO
Kila Jumamosi tunakutana kuyasoma. Mama Milka Apiyo, mkaushaji wa omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka Luanda Kotieno, hajui kusoma, lakini hakosi kuja. Ndani ya sanduku moja mna maneno ya mama yake mzazi, yaliyoandikwa na karani siku ya kuhamishwa. Mama huyo alikufa Milka akiwa bado ananyonya. Tumemsomea nusu tu. Tumefika pale mama anapofunga mlango wa nyumba yake kwa mara ya mwisho.

"Someni pole pole," Milka hutuambia. "Huyu mama mimi sijawahi sikia akiongea."

SHIDA
Paa liling'olewa na upepo mwaka juzi. Tuliandika, mkatujibu kwamba mabati yako njiani. Bila shaka yanakuja kwa miguu. Mama Milka akaona aibu kwa niaba yenu, akaleta turubai lake la omena, tukafunika masanduku.

Leo asubuhi kamati ya mapokezi imelichukua. Alipouliza, mwenyekiti alimjibu, "Mama, karatasi haiumwi na jua. Mgeni ndio ataumwa."

Kwa hiyo, Mheshimiwa, harufu unayoisikia inatoka juu ya kichwa chako; usimshuku jirani yako.

OMBI
Tulikuwa na maombi mengi, tumeyafuta. Huu ni mwezi wa nne, mvua ya hapa huja alasiri, na wingu lile kila mtu analiona isipokuwa wewe uliye kivulini. Tunaomba turubai, na tunaliomba kabla ya hotuba yako. Mama Milka yuko hapo kando ya nguzo. Kamba anajua kuzifungua mwenyewe.

Mungu akubariki, akurudishe nyumbani salama, na ukilowa, akukaushe upesi. Maneno ya marehemu yakilowa hayakauki.

Ni sisi,
Wasomaji wa Jumamosi,
Kaloleni, Kisumu, 1974