Mlio Mmoja au Miwili

Kijiwe chetu kinatazamana na ukumbi wa judo. Asubuhi Mwalimu alipita na ngazi begani, anakwenda kuziba paa la ukumbi linalovuja. Tukamkaribisha kahawa, akasema akirudi. Hatujamaliza kikombe, tukasikia kishindo! Kabla hatujavuka barabara, binti yake na jirani walishamkimbiza hospitali kwa gari. Sasa ni adhuhuri, simu haipokelewi, na sisi wanafunzi wake wa zamani, tulioota vitambi, hatuna la kufanya ila kubishana. Mzee yule ndiye aliyeleta judo mkoa mzima. Roho zilikuwa juu juu.

— Mimi nilisikia mlio mmoja, alisema Nusu Mita, fundi cherehani. Pa! Mkono na mgongo pamoja, kama alivyotufundisha. Huyo mzima.

— Miwili! alipinga Spana, fundi magari. Pa, halafu pu. Wa pili kichwa.

— Utasikiaje, na ulikuwa unapuliza kahawa?

Redio, kinyozi wetu, akadakia:

— Yule haanguki, anajiangusha. Si mnakumbuka anaanza? Mikeka hakuna, tunajaza maranda kwenye magunia, mwezi mzima tunafundishwa kuanguka tu. Mama yangu akadhani nimeanza ulevi.

— Na sare ya kwanza niliishona mimi, kwa turubai la lori. Ukiivua, inasimama yenyewe!

— Akaenda na baiskeli mji wa pili, akamtupa mkuu wa polisi. Mkuu akainuka, akampa ukumbi.

— Mkuu wapi! Nilisikia alikuwa fahali.

— Basi fahali akainuka, akainama kutoa heshima!

Tukacheka, isipokuwa Spana.

— Acheni masihara. Baba yangu alipofariki, nililelewa kwenye maranda yale. Huyu akienda, nabaki na nani?

Hapo ndipo binti wa Mwalimu akakata kona, viatu mkononi. Spana alisimama hadi kikombe kikamwagika.

— Shikamooni, baba zangu.

— Marahaba, mama. Vipi mzee?

— Mzima! Kifundo cha mkono tu kimeteguka. Daktari anaigeuza picha huku na huku anatafuta mfupa uliovunjika, haoni. Saa hizi anawafundisha wagonjwa kuanguka kutoka kitandani. Muuguzi kaficha mito.

— Mlio mmoja! Nilisema mimi! alipiga kelele Nusu Mita.

Spana alijifuta machozi kwa kitambaa cha grisi, uso ukabaki mweusi tii, na hakuna aliyemwambia. Nikashusha pumzi niliyoibana tangu asubuhi. Alhamdulillahi.

Binti akapokea kahawa, akaitazama ngazi iliyolala ng'ambo.

— Ila baba zangu, ngazi alikuwa ameishika nani?

Redio akamtazama Nusu Mita, Nusu Mita akamtazama Spana, Spana akanitazama mimi. Nikachungulia birika. Tupu.

Spana akavuka barabara, akaisimamisha ngazi ukutani. Tukamfuata. Tukaishika wote wanne, kwa nguvu zetu zote, na juu hakuna mtu.