Zipora Mageni, Mwenyekiti wa Klabu ya Drafti ya Redio

Ndugu, jamaa na majirani mliokusanyika hapa Tinde leo, Jumanne tarehe 24 Agosti 1999, tunayemsindikiza ni Zipora binti Mageni. Wengi wenu mliifahamu sauti yake kabla hamjaiona sura yake. Haya yameandikwa na mdogo wake, Paskazia, kwa niaba ya familia.

Marehemu alizaliwa hapahapa Tinde tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa tatu wa Mzee Mageni na Mama Klara. Nyumbani kilisemwa Kisukuma kitupu. Kiswahili alikikuta shuleni, akakishika vizuri kiasi kwamba mama alimtuma yeye kila mgeni wa serikali alipobisha hodi.

Alisoma shule ya msingi hapa Tinde kuanzia mwaka 1965 hadi 1971. Huko ndiko alikojifunza drafti, kwa vizibo vya soda na ubao uliochorwa kwa mkaa. Siku moja mwalimu aliingia darasani ghafla, Zipora akaficha kizibo mdomoni, na kwa bahati mbaya akaitwa asimame asome. Alisoma ukurasa mzima shavu likiwa limevimba. Mwalimu akamwonea huruma, akampeleka zahanati akang'olewe jino. Alirudi baada ya muda mfupi akisema jino limepoa lenyewe. Alimaliza kidato cha nne mjini Shinyanga mwaka 1975.

Mwaka 1979 aliajiriwa na Mzee Mansukhlal, mfanyabiashara wa duka la jumla na malori, pale Kambarage mjini Shinyanga. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye redio ya upepo na kufuatilia malori: lipi limekwama, lipi limepasua tairi, dereva gani hajaonekana. Mama Dhaval, mke wa Mzee Mansukhlal, ambaye jina lake ni Kantaben, alizoea kusema, "Zipora akinyamaza, malori yote yanapotea."

Alifunga ndoa na Gregory, fundi wa mitambo, tarehe 12 Julai 1980. Mungu aliwajalia mabinti wawili, Melania na Salome. Pamba ilipoanguka bei na vinu kusimama, Gregory alikwenda Geita kutafuta dhahabu, mwaka 1992, kwenye machimbo ya Mwabagalu, ambako shimo la dhahabu huitwa duara. Mzee Mansukhlal alikuwa akiwapelekea wachimbaji vyakula na mafuta, na alikuwa amefunga redio pale kambini. Basi kila mchana, malori yakishatoa taarifa, mke na mume walisalimiana hewani. Na kwa kuwa mambo ya ndani hayasemwi mbele ya madereva wote wa barabara ya Kahama, walicheza drafti. Kila mmoja alikuwa na ubao wake, na kila nyumba ya ubao ilikuwa na namba.

"Kumi na moja kwenda kumi na tano, ova."

"Umenitega, Mama Melania. Subiri nifikirie, ova."

Madereva walisikiliza, wakaanza kushauri, wakaanza kubishana. Hivyo ndivyo klabu ilivyozaliwa mwaka 1993, na Mzee Mansukhlal akawa mwenyekiti wa kwanza kwa sababu redio zilikuwa zake. Zipora ndiye aliyesoma kete za wachezaji wote, akirudia kila moja ili pasiwe na ubishi.

Mwaka 1995 Masudi, mtunza stoo wa Mzee Mansukhlal kwenye kituo cha redio cha Masumbwe na mchezaji hodari kuliko wote, alisema mwenyekiti asiyejua hata kuingia kingi ni wa nini. Kura zikapigwa hewani, kituo kwa kituo, Masudi akashinda. Jambo lake la kwanza lilikuwa kumzuia Zipora kushiriki mashindano. Alisema anayesoma kete za watu hafai kucheza nao. Mama Dhaval alikasirika. "Mbona umenyamaza, Mama Melania?"

"Nikigomba, Mama Dhaval, nani atawasomea kete?"

Lakini lilimuuma. Masudi alikuwa mkali. Mashindano mawili yalivunjika katikati kwa ugomvi, na mwaka 1997 vituo vilimkataa vikamchagua Zipora. Masudi akahama na wachezaji wa Masumbwe kwenye masafa mengine. Zipora hakupumzika hadi alipomrudisha. Alimwahidi fainali moja ya haki, yeye na Gregory, bingwa wa vituo vilivyobaki. Siku ikapangwa: Jumamosi, tarehe 17 Januari 1998.

Mvua za mwaka ule mnazikumbuka. Barazani Kambarage watu walijaa kuzunguka ubao mkubwa aliouchora Dhaval, kijana wa Mzee Mansukhlal. Mchezo ulikuwa umefika pagumu, zamu ya Gregory, tuliposikia kelele nyuma ya sauti yake.

"Mama Melania, maji yameingia kwenye duara. Kuna watu chini. Nakwenda kuwavuta. Usiisogeze kete yangu, ova."

Zipora alisema, "Gregory, subiri." Hakujibiwa. Akaita tena. Akaita kwa jina la kituo, kisha kwa jina la mumewe, kisha kwa jina la Kisukuma alilomwita chumbani, mbele za watu wote. Hewani palikuwa na mlio wa upepo tu.

Ndipo Masudi akaingia. "Mama Melania, achana na mchezo. Nina pampu mbili hapa stoo. Lori lililo karibu liko wapi?"

Zipora alijifuta uso, akatafuta lori. Alilipata, akaligeuza, akaliongoza njia nzima kila lilipokuta mto umefurika, Mama Dhaval akimshikia kipaza sauti. Masudi alikwenda nalo mwenyewe. Pampu zilifika jioni, kingo za duara zikiwa zimekwisha kudidimia. Gregory alikuwa amewatoa watu wanne. Aliposhuka kumfuata wa tano, udongo ulishuka naye.

Hakuna mwili uliopatikana. Dada yetu alikataa matanga. "Tanga la nani? Mmemwona?" Alikataa kuvaa kaniki ya ujane. Kila mchana alirudi kwenye redio akaita Mwabagalu, ambako kambi ilikwisha kuhamwa. Mtu mmoja alimshauri Mzee Mansukhlal amwondoe, maana madereva walikuwa wakilia barabarani. Mzee alimjibu, "Wewe nenda kamwondoe. Mimi siwezi."

Masudi ndiye aliyeanza kumjibu. Kila alipoita, sauti kutoka Masumbwe ilisema, "Nakupata, Mama Melania. Shikamoo. Mimi Masudi, nakupata." Hakusema zaidi ya hapo, lakini hakuacha mchana hata mmoja.

Mwezi Septemba, ardhi ilipokauka, Zipora alikwenda Mwabagalu. Alipiga magoti kwenye mdomo wa lile duara akawaomba wachimbaji waliokuwa wamerudi kiangazi wamfukulie mumewe. Mzee wao, Donatus, akamwinua akimwita mama kwa Kisukuma. "Mayu, matimba yanayoshikilia kuta yameoza. Tukiingia, kesho mtatutafuta na sisi."

"Hata nguo yake tu," alisema. "Hata kiatu."

Ndipo Masudi, aliyekuwa amemsindikiza, akavua shati akajifunga kamba kiunoni. "Nitashuka mimi. Kete ilikuwa kati yangu na yeye."

Sisi tuliokuwapo tunajua Zipora alivyomtaka Gregory. Alikuwa hali, halali, alikuwa amekonda hadi pete inamvuka kidoleni. Kwa dakika ile hakuna aliyekuwa na uhakika atasema nini. Akamsogelea Masudi, akaanza kufungua lile fundo. Vidole havikuwa na nguvu, akatumia meno. Lilipofunguka akaitupa kamba pembeni.

"Una mama," alimwambia. "Mimi najua sasa anayebaki juu hupata nini. Sitampa mama yako."

Akakaa chini akalia, kwa mara ya kwanza tangu Januari, akilia kama mtu anayepigwa. Jioni ile alikubali kuvaa kaniki.

Desemba 1998 aliukabidhi uenyekiti kwa Masudi, hewani, vituo vyote vikisikia. Masudi alikataa kupewa kikombe cha fainali, na kikombe hicho hakijapewa mtu.

Kuanzia Februari mwaka huu miguu ilianza kumvimba na pumzi kumkata. Alitibiwa hospitalini Shinyanga, kisha Mwanza, ambako madaktari walisema moyo umepanuka. Hofu yake haikuwa kufa. Hofu yake, na alituambia wazi, ilikuwa kwamba Gregory ataita na hatakuwapo wa kumjibu. Tulimbembeleza, tukamwombea, tukamletea padri, hofu haikuondoka. Tunasema ukweli mbele ya kaburi: hakufa kwa utulivu kama tulivyotamani. Siku ya mwisho alimshika Mama Dhaval mkono akasema, "Nimechoka kuita." Alifariki Jumapili, tarehe 22 Agosti 1999, asubuhi, Melania na Salome wakiwa kando yake.

Ameacha mabinti wawili, Melania na Salome. Mama yake mzazi, Mama Klara. Na mdogo wake, Paskazia. Wamo pia katika wafiwa Mzee Mansukhlal, Mama Dhaval na kijana wao Dhaval, waliomuuguza kama ndugu wa tumbo moja, na Masudi wa Masumbwe, ambaye tangu jana yuko hapa akichimba kaburi hili na hataki kupokewa jembe. Kwenu nyote, wabeja sana, tunawashukuru.

Familia imekubaliana msalaba mmoja uandikwe majina mawili, Zipora na Gregory, kwa kuwa Gregory hana kaburi jingine. Atakayeleta ua, alete la wawili.

Ee Mungu, mpokee mja wako Zipora, umpe pumziko ambalo sisi tulishindwa kumpa.