Bibi Aliyenitakia Mema

Sogeeni, wanangu, mniinue kwa mto, maana nina neno zito na pumzi imebaki haba. Kitindamimba, zima hiyo redio.

Baba yenu alipofariki nilikaa nikitazama ukuta, cherehani ikashika vumbi, chakula hakipiti kooni, nanyi mkaniambia, "Jikaze, mama," kana kwamba moyo ni mkanda. Mkanipeleka kwenye chumba wanapokutania wazee, juu ya duka la viatu, kwa yule mtawa wa Kibudha mwenye kipara. Akasema tupumue. Nikamjibu, "Mwanangu, napumua tangu kuzaliwa, sijahitaji mwalimu." Akacheka mpaka akajifuta machozi. Lakini hakunihimiza nisahau. "Huzuni ikija usiifukuze, mama," alisema. "Iambie, nimekuona. Nayo itapita, maana hakuna kidumucho." Nililia palepale, mara ya kwanza tangu mazishi, na hakuna aliyeninyamazisha.

Siku moja akatufundisha kutakia mema: kwanza nafsi yako, kisha umpendaye, mwisho aliyekuumiza. Tukafumba macho. Kando yangu alikaa bibi mmoja, mpishi mstaafu asiyeona vizuri, ambaye tulizoea kushikana mikono ngazini. Nikamsikia akinong'ona: "Na yule mshonaji wa pale kwenye kinu cha unga, aliyeolewa na mchumba wangu mimi nikiwa bado namsubiri, naye awe na amani."

Wanangu, nilifumbua macho. Kinuni mshonaji alikuwa mmoja tu. Mimi! Wamesema siri ya mtungi aijuaye ni kata. Kumbe mimi kata sikujua lolote! Baba yenu, asiyeweza kuficha hata zawadi, alinificha mchumba mzima ndoa nzima. Msitoe macho hivyo. Mimi niliyatoa zaidi. Nikamwambia, "Dada, mshonaji huyo ni mimi, na haki ya Mungu sikujua." Nikadhani atanitemea mate. Akanipapasa uso taratibu, akasema, "Kumbe nawe umezeeka!"

Tangu hapo ndiye ndugu yangu.

Basi shikeni haya. Baba yenu msimtukane; mfu hajitetei. Cherehani ni ya binti yangu. Chumba hiki ni cha yule bibi hadi mwisho wake, kwani hana mtoto. Akinyamaza, kaeni naye, msimhutubie. Heri kufa macho kuliko kufa moyo, na moyo wa mzee... hufa kwa kuachwa peke yake.

Yupo hapo mlangoni, amesikia yote. Kifunguamimba, mshike mkono... asijikwae. Mwiteni mama. Mbarikiwe, wanangu... mzeeke... mkiwa na wa kukaa nao.

Sogeza kiti chake. Karibu zaidi... Hapo.