Mwalimu Adolfu na Mkia wa Zebaki

Baba Padre, wafiwa, na ninyi wengine mliokuja kuhakikisha kama kweli amekufa: mimi ni Adela, mdogo wake marehemu. Wasifu uliochapwa kwenye ratiba mlizoshika umeandikwa na Oswaldi, katibu wa kamati ya mazishi. Unasema marehemu "alipenda mambo ya anga." Alaa! Kama mtu anavyopenda karanga. Ratiba hizo zitawafaa kufutia tope viatuni. Mimi nasoma wasifu niliouandika mwenyewe.

Adolfu alizaliwa hapa Mwazye tarehe 14 Agosti 1961, mtoto wa kwanza wa mzee Felisian na mama Justina, wakulima wa mahindi na ulezi. Shule ya msingi alisoma hapahapa, 1969 hadi 1975, akichelewa karibu kila siku kwa sababu ilimpasa kwanza aswage ng'ombe. Sekondari alisoma Sumbawanga, ualimu akasomea Mbeya, akamaliza mwaka 1985 akiwa wa kwanza katika fizikia. Kijiji kilimpokea kwa kumuuliza kwa nini hakusomea udaktari.

Kuanzia Januari 1986 hadi alipostaafu Agosti 2021 alifundisha fizikia Sumbawanga. Mwaka 2013 alianza kazi yake ya pili. Kulikuwa na chombo kinaizunguka sayari ya Zebaki, ile iliyo karibu kabisa na Jua, na wenye chombo waliviweka vipimo vyake wazi, yeyote achukue. Adolfu akawa anavichukua kwenye duka la intaneti pale mtaani kwake Kizwite, mjini Sumbawanga, anarudi nyumbani, anavichora kwa penseli.

Nitawaeleza alichokuwa anachora, maana kwa miaka yote hiyo hakuna hata mmoja wenu aliyeuliza. Zebaki ina sumaku yake, dhaifu tu. Upepo unaotoka kwenye Jua unaisukuma sumaku hiyo mpaka inavutika nyuma ya sayari kama mkia. Ndani ya mkia, mistari ya sumaku ya upande mmoja inaelekea kwenye sayari, ya upande wa pili inatoka. Ikibanwa mpaka ikutane, inakatika na kuungana upya kwa namna nyingine: sehemu moja inarudi kwa kasi kwenye sayari, nyingine inatupwa mbali angani. Hapohapo husokoteka kamba za sumaku, na chombo kikipita ndani ya kamba moja, vipimo hupanda na kushuka kwa sekunde chache. Adolfu alizitafuta kamba hizo mojamoja. Alizipata mia nne na kumi na mbili, zikajaza madaftari kumi na moja. Darasani alionyesha kwa vipande viwili vya mpira wa baiskeli, anavivuta mpaka vinakatika. Watoto wa kidato cha pili walielewa. Wazee wa ukoo huu, wapi!

Mkuu mmoja wa shule alimuuliza mbele ya walimu wenzake, "Mwalimu, hiyo Zebaki inaota mahindi?" Adolfu alicheka tu. Ningekuwa mimi ningemwambia kwamba hata kichwa chake hakioti nywele, na bado amepewa ofisi.

Tarehe 7 Julai 1990 alifunga ndoa na Sekela, binti wa Mbeya, karani, wakajaliwa watoto wawili, Sharon na Jafeti. Mlisema Mnyakyusa huyo hatakaa, baridi ya Ufipa itamfukuza. Huyo hapo, mwaka wa thelathini na tano. Siku moja Sekela alimuuliza kwa nini anahangaika na kitu ambacho hakuna anayekitaka. Akamjibu, "Mama Sharon, kimetokea. Kitu kikishatokea, lazima mtu akiandike." Tangu siku hiyo Sekela ndiye aliyekuwa anamchongea penseli.

Desemba 2016 radi iliua maksai wawili wa baba yetu mdogo, Leonidas, ambaye aliwafunga kwenye uzio wa waya huku mvua inanyesha. Kikao cha ukoo kikaitishwa, na mshtakiwa alikuwa Adolfu, ambaye siku hiyo alikuwa mjini anasahihisha mitihani.

"Unachezea masumaku," baba mdogo alisema. "Ndiyo yaliyoivuta radi."

"Shikamoo, baba," Adolfu akamjibu. "Sumaku ya Zebaki ni dhaifu mara mia kuliko hii ya Dunia unayoikanyaga. Kilichoua ng'ombe ni ule waya."

Mkaandika kwenye daftari la ukoo kwamba ana kiburi, na kwamba asikanyage Mwazye mpaka aombe radhi. Hakuomba. Miaka minane hakukanyaga. Leo amerudi, tena mmembeba mabegani.

Figo zilianza kumsumbua Juni 2023. Tulikuwa tunampeleka Mbeya na kumrudisha, na kote huko alikwenda na daftari. Nani kati yenu alikuja kumwona? Nyamazeni tu, ninawajua. Alikuja Asifiwe, mwanafunzi wake wa zamani, sasa anafundisha chuo kikuu Dar es Salaam. Alikuja mara nne. Walikubaliana kuandika makala pamoja, jina la Adolfu likitangulia, na kilichobaki kilikuwa Asifiwe kuyapitia madaftari. Adolfu alifariki nyumbani kwake Kizwite, Jumapili tarehe 9 Machi 2025, saa kumi alasiri. Alinishika mkono akasema, "Adela, madaftari." Hakusema tena neno. Iliniuma, na bado inaniuma.

Jumatatu mkakaa kikao. Mkaamua madaftari yazikwe naye, yasije yakaleta radi nyingine. Mkaniagiza mimi, katibu wa ukoo, niyafunge kwenye kitambaa cheupe na kuyaweka miguuni pake. Nikafunga, nikaweka, mkatazama wenyewe.

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, dada mmoja mwenye mdomo, na madaftari kumi na moja.

Naona umeinua kichwa, baba mdogo. Ndiyo, ameyaacha. Yaliondoka na basi la jana asubuhi, yako mikononi mwa Asifiwe, na ndiyo maana hamumwoni hapa. Ndani ya kitambaa nimeweka madaftari ya vikao vya ukoo, yote, tangu ile radi hadi Jumatatu, pamoja na sahihi zenu. Anayeyataka, jeneza halijashuka bado. Aje alifungue mbele ya Padre, atueleze anatafuta nini.

Hakuna?

Basi mshusheni. Kaka yangu apumzike kwa amani, na maneno yenu yapumzike naye.