Sufuria ya Hussni Hilal Yabaki Kazini

Kiwanda cha saruji cha Iowa kitanunua kuni tunazotengeneza kwa taka kwa miaka mitano zaidi, meneja wa kituo, Duncan Mutembei, alitangaza Jumatatu. Ijumaa hii, tarehe 14 Novemba 2025, anastaafu mtu aliyeuokoa mkataba huo: Hussni Hilal, baada ya miaka kumi na tisa ya kazi.

Mzaliwa wa Malindi na mkazi wa Columbia Heights, Hussni alianza mwaka 2006 akiendesha lori la taka. Tangu 2017 yuko kwenye jaa la zamani karibu na Blaine, ambako taka zilizofukiwa nusu karne iliyopita huchimbuliwa, huchekechwa, hukatwakatwa na kwenda kuchomwa tanurini badala ya makaa ya mawe. Yeye hukagua kila shehena kabla haijaondoka.

Wageni hutoa simu kupiga picha wakifika. Gazeti la 1974 hutoka ardhini likisomeka hadi matokeo ya mpira. Mfuko wa mkate huwa na rangi zake zote. Hussni ameshika vitu hivyo miaka minane na bado husimama kuvitazama. Palipokuwa na kilima sasa ni uwanda. Tani laki mbili na ushei zimepita mbele yake.

Januari 2023 tulikaribia kufunga. Shehena mbili zilikuwa zimekataliwa kwa unyevu, na kiwanda kilitupa nafasi moja ya mwisho. Shehena ya tatu ikikataliwa, watu arobaini na mmoja hawana kazi. Asubuhi ya kuipeleka ilikuwa nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri. Kipima unyevu kilisoma asilimia 12. Kikomo ni 20. Malori sita yalikuwa yakinguruma. Hussni, mtoto wa mkausha mbata, yaani nazi kavu, alivunja kipande cha kadibodi karibu na sikio, kama babake alivyojaribu mbata, akasikia mlio si wa kitu kikavu, akayazuia malori yote.

Duncan alimvaa kwenye redio, sote tukisikia: "Mzee, machine imesema ni dry. Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye niliye nje, bwana. Hiyo mashine yako iko ndani, inaota heater."

Alijaza sampuli kwenye sufuria aliyoletea pilau, akaiweka juu ya jiko la umeme. Baada ya dakika arobaini maji yalikuwa yametuama sufuriani. Sampuli ikapimwa tena: asilimia 31. Kipima kile huona barafu kuwa ukavu, na hakuna kati yetu aliyejua. Shehena ilikaushwa bandani siku mbili, ikaenda, ikapokelewa.

Tangu hapo, msimu wa baridi hakuna lori linalotoka kabla sampuli haijayeyushwa katika sufuria ile. Mkewe, Nasima, ameidai karibu miaka mitatu.

Asante, Hussni. Tunakuombea afya, asubuhi zisizo na kengele na chai isiyo na haraka. Nasima amekubali sufuria ibaki. Jumatatu, tarehe 17 Novemba, saa kumi na mbili asubuhi, Kendi Mwirigi, uliyemfundisha kusikiliza kadibodi, ataibandika jikoni kwa mara ya kwanza bila wewe.