Mwalimu Misumari, Aliyefundisha Sumaku kwa Sindano na Beseni

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Mwalimu Misumari kwa sababu mifuko yake haikukosa misumari, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1957, mtoto wa nne wa fundi cherehani na mkunga.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1965, katika shule iliyokuwa nyuma ya karakana ya reli. Huko mwalimu alichora sumaku ubaoni, nao wakaikariri. Marehemu alipouliza ikivunjika katikati itakuwaje, aliambiwa akae chini. Swali likamkaa rohoni. Mwaka 1977, chuo cha ualimu, alishika sumaku ya kweli kwa mara ya kwanza, na siku hiyohiyo akaigonga kwa nyundo. Alipewa adhabu ya kuosha masufuria ya chuo kizima. Mwenzake alipomwonea huruma, alimjibu, "Kila kipande kina ncha mbili. Nipe sufuria nyingine."

Aliajiriwa Januari 1979 kufundisha sayansi shule ya msingi. Alikuwa akisugua sindano kwa sumaku, anailaza juu ya kizibo kwenye beseni la maji, nayo inageuka yenyewe kuelekea kaskazini. Siku moja mtoto akasema, "Mwalimu, kuna mtu anaipuliza." Hakumkaripia. Aliamuru darasa zima lizibe midomo na pua. Sindano ikageuka tena, watoto wakabaki wanaangaliana.

Lakini kazi hiyo ilimchosha moyo, wala hatuna haja ya kuficha. Sumaku mpya za shule zilipoletwa, mwalimu mkuu alizifungia kabatini.

"Watoto wataziharibu," alisema.

"Na humo kabatini zinamfundisha nani?"

Aliwauliza hivyo wakuu wote waliofuatana, na ufunguo haukutoka. Akawa anafungua spika za redio mbovu apate sumaku zake. Mkaguzi naye, alipokuta sakafu imelowa na misumari imezagaa, alimwambia mtihani hauulizi mambo ya beseni. Marehemu akahamishiwa somo la mwandiko. Alifundisha mwandiko amenuna, na sumaku akaifundishia nyuma ya jiko la shule wakati wa mapumziko. Alistaafu mwaka 2017, kabati likiwa bado limefungwa.

Tarehe 3 Desemba 1983 alifunga ndoa na fundi saa. Haukupita muda, saa za wateja zikaanza kukimbia. Mumewe alipogundua spika chini ya meza yake ya kazi, alisema, "Mke wangu, hapa ama mimi ama hizi." Walinuniana wiki nzima. Mwishowe spika zikahamia jikoni, na marehemu akakubali kukung'uta mifuko mlangoni kila arudipo.

Mwaka 2023 alianza kuumwa kichwa, kisha mkono wa kulia ukalegea. Daktari aliagiza apigwe picha ya kichwa kwa mashine ya sumaku. Kila walipokwenda, waliambiwa mashine ni mbovu.

"Kimeharibika nini?" alimuuliza mhudumu.

"Sumaku, mama."

"Sumaku si kandambili, mwanangu. Uliza vizuri."

Mhudumu aliuliza, akarudi kusema ni mtambo wa kuipoza. "Sasa tumeelewana," marehemu alisema. "Unatengenezwa lini?" Mhudumu akawaambia warudi wiki ijayo. Picha ilipopatikana, hospitali ya mbali, uvimbe ulikuwa mkubwa. Daktari akawa anamweleza mumewe, marehemu akamkatiza: "Daktari, kichwa ni changu. Niambie mimi."

Wiki ya mwisho wageni walimsifu pale kitandani kwa uvumilivu. Walipoondoka, alimwita mdogo wake, akamwambia kwa taabu, "Siku yangu msiseme nilikuwa mvumilivu. Nilisubirishwa tu."

Alifariki asubuhi ya Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, akiwa nyumbani. Ameacha mume, mabinti wawili, mtoto mmoja wa kiume, wajukuu watano, na mdogo wake, ambaye ndiye anayewasomea haya.

Basi dada, hatujasema. Lala salama.